Paka Aliyebeba Namba ya Mwenzake

Siku yangu ya kwanza mezani Bi Salma hakunipa kalamu wala faili. Alifungua droo, akatoa mkanda wa shingo wa mbwa, wa ngozi nyekundu iliyopauka, akaniambia niutundike kwenye msumari ulio mbele ya kiti changu.

"Uwe unautazama kabla hujatia sahihi," alisema. "Aliyeuvaa alikufa kwa sababu yangu."

Nyinyi mliobaki kwenye kliniki yetu ya wanyama ya Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, mmeniomba niandike nilivyofanya kazi hii ya kutayarisha karatasi za wanyama wanaosafiri. Taratibu mnazijua. Zinazobadilika mtazisoma wenyewe, kama nilivyozisoma mimi. Nitaandika zaidi juu ya hofu, kwa kuwa hiyo haimo kwenye fomu yoyote, na ndiyo iliyonifundisha mengi.

Kabla ya kukaa mezani nilikuwa dereva wa kliniki. Sekondari sikuimaliza. Nilichukua mbwa na paka majumbani, nikawapeleka uwanja wa ndege, na kwenye foleni za magari nilisoma bahasha nilizokabidhiwa. Kiingereza cha vibali hivyo kilikuwa kigumu kuliko cha magazeti. Nilinunua daftari, nikawa nanakili sentensi moja moja na kutafuta kila neno kwenye kamusi. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na daftari la kila nchi. Siku moja nilimrudishia Bi Salma ofisini bahasha ya kasuku aliyekuwa anakwenda Afrika Kusini, nikamwambia kibali kimepitwa na siku mbili. Alivaa miwani, akaitazama tarehe. Wiki iliyofuata nilipewa kiti.

Bi Salma, aliyeifanya kazi hii kabla yangu, alizaliwa Ng'ambo, Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana mdogo. Alikuwa na sauti ndogo na hakupenda haraka. Habari ya mkanda alinihadithia mara moja tu. Katika mwaka wake wa pili alitayarisha karatasi za mbwa wa familia iliyokuwa ikihama. Namba ya chipu, ile iliyomo chini ya ngozi ya mnyama, aliinakili kutoka kwenye kitabu cha chanjo. Kitabu kilikuwa kimekosea tarakimu moja. Mbwa alipofika upande wa pili mashine ikasoma namba moja, karatasi ikasema nyingine. Walimzuia siku kumi na moja, kisha wakamrudisha kwa ndege katika boksi lile lile. Alifika hai, lakini hakula tena.

"Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea," alisema Bi Salma. "Alinilamba mkono. Basi wewe, mwanangu, karatasi usiiamini. Msome mnyama. Na umsome mbele ya mwenyewe, mwenyewe aseme kwa mdomo wake: naam, huyu ndiye wangu. Bila ya hilo usiandike kitu."

Nililishika. Kwa miaka mingi nililishika sawasawa. Mnyama alisomwa mara tatu, mwenzangu akitaja tarakimu na mimi nikiandika bila kutazama mashine, kisha tukibadilishana. Mara zote tatu zikilingana, tunamgeukia mwenyewe tunamwuliza. Wengi walicheka. Bwana mmoja aliniambia kwamba mbwa wake ana kilo sitini na tano na hajaona mwingine wa kumchanganya naye. Nilimwuliza vile vile. Fundi mmoja wa maboksi ya safari huko Ruwi alikuwa akiniita "Bwana Rudia", kwa sababu nilimpimisha boksi mara mbili: mnyama amesimama, mnyama amegeuka. Watu hupima mnyama akiwa amelala, kwa sababu ndipo anapotulia, kisha wanashangaa boksi likikataliwa.

Bi Salma alistaafu, Mungu akamchukua miaka michache baadaye. Mkanda ulibaki kwangu. Kazi iliongezeka, na mimi, lazima niseme, nilianza kujiona hodari. Ndipo lilipokuja jambo la Bibi Thuraya.

Bibi Thuraya alikuwa mama wa makamo ya juu, wa familia ya Kizanzibari, nyumba yao haiko mbali na kliniki. Mumewe alifariki mwishoni mwa Oktoba. Watoto walikuwa wawili: Hemed, anayekaa hapa Maskati, na binti aliyeolewa Uholanzi. Binti alikuja kwa msiba, na kabla ya matanga kwisha wakakubaliana kwamba mama akimaliza eda atakwenda kukaa naye huko. Binti alikuwa na ujauzito wa kwanza. Bibi Thuraya alitoa sharti moja. Paka wake, Pamba, ambaye marehemu alikuwa akimlisha kwa mkono wake kila asubuhi, aende naye.

Binti alinipigia simu siku ya tatu ya msiba. "Ami Nassor, nnarudi kesho kutwa. Nataka nijue limeanza kabla sijaondoka."

Nilipiga hesabu nikiwa bado kwenye simu, na nakiri kwamba nilifurahi. Kwa nchi ile, paka kutoka kwetu hutiwa chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa mpangilio huo na si kinyume chake. Zipite siku thelathini. Itolewe damu, ipelekwe maabara nje, kupimwa kama chanjo imeshika. Kutoka siku ya kutolewa damu ihesabiwe miezi mitatu kamili. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Tukianza siku ya nne ya msiba, muda wa paka ungekwisha siku mbili tu kabla ya eda. Nilizichora hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari. Sijawahi kuona safari iliyokaa vizuri vile.

Siku ya nne nilikwenda na daktari wetu. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, viatu vimefika mpaka kwenye ngazi za nje. Bibi Thuraya alikuwa ndani, chumbani, na kwa kuwa yumo edani hatukutazamia kumwona. Tulikaa kwenye chumba kidogo cha wageni wa kiume. Aliyetuletea paka alikuwa msichana wa Kikenya, Mwende, aliyeajiriwa wiki mbili kabla kumsaidia mzee katika ugonjwa wake wa mwisho. Alimleta paka amemfunga kwenye kanga, kichwa tu nje, na yeye mwenyewe ana mkwaruzo mbichi mkononi.

"Ndiye Pamba?" nilimwuliza.

"Ndiye," alisema, macho yake kwenye zulia.

Alikuwa paka mweupe, jike, macho ya manjano. Ncha ya sikio la kushoto ilikuwa imekatwa, mkato ulionyooka kabisa. Mnajua maana yake. Wale wanaojitolea kuwakamata paka wa mitaani na kuwafunga uzazi huwakata ncha ya sikio wawajue. Nikasema, "Kumbe aliokotwa huyu." Mwende akatikisa kichwa, naam. Nikaandika kwenye daftari langu: sikio la kushoto limekatwa ncha.

Daktari akatia chipu, tukasoma mara tatu, akadunga chanjo. Ikabaki kumwuliza mwenyewe. Nilipaswa kumwambia Mwende amrudishe paka chumbani kwa Bibi, akamwulize kwa niaba yangu, arudi na jibu. Hilo tu. Lakini kule ndani kulikuwa na sauti za kisomo, na mwanamke alikuwa akilia, na mimi niliona haya kumtumia mjane wa siku nne swali la paka. Kwenye fomu mna mstari: mmiliki amethibitisha mnyama. Nikautia alama.

Baada ya siku thelathini na moja tulirudi kutoa damu. Mwende akamleta paka kwenye kanga ile ile, mashine ikalia, namba ikalingana. Kwa kuwa namba ililingana sikuuliza kitu. Matokeo ya maabara yalikuja mazuri. Tikiti zilikatwa kwa siku ya tatu baada ya eda kwisha.

Cheti cha afya hutolewa siku za mwisho kabisa kabla ya safari. Nilipanga twende Jumamosi. Halafu nikaona ni bora tujipe siku moja zaidi, nikaisogeza iwe Ijumaa alasiri. Ijumaa ndiyo siku ambayo Wakenya wengi hapa huenda kanisani, na Mwende alikuwa kanisani Ruwi. Paka akaletwa na Hemed mwenyewe, kifuani, amemkumbatia kama mtoto.

Nilimwona kabla sijatoa mashine mkobani. Alikuwa mweupe, jike, macho ya manjano. Masikio yake mawili yalikuwa mazima.

Nilishika mashine nikampitishia shingoni. Kimya. Nikampitishia mabegani, ubavuni, mpaka tumboni, kwa sababu chipu huweza kutembea chini ya ngozi. Kimya. Nilibadilisha betri. Kifuniko cha betri kikaniponyoka. Daktari akaichukua mashine, akapitisha yeye. Nimeshasikia mbwa wakibweka mpaka chumba kikatetemeka, na sijasikia kitu kibaya kama ule ukimya.

"Nini?" alisema Hemed.

"Nipe dakika moja," nilisema. Nikatoka, nikazunguka nyumba mpaka mlango wa jikoni. Nilikuwa sijui natafuta nini, ila miguu ilijua. Kwenye ngazi ya jikoni, pembeni ya mtungi wa gesi, alilala paka mweupe mwenye sikio lililokatwa ncha. Nilichutama nikampitishia mashine. Ikalia papo hapo. Nilitoa daftari nikalinganisha tarakimu zote kumi na tano, na zilikuwa ndizo.

Nilipoinua kichwa Mwende alikuwa amesimama kwenye geti dogo la nyuma, na gauni lake la kanisani, Biblia mkononi. Aliiona mashine, akamwona paka. Akakaa chini, pale pale kwenye saruji.

"Haki nilimtafuta," alisema. "Mzee, haki nilimtafuta huyo Pamba. Alikuwa chini ya kitanda, nikaingiza mkono akanipasua. Na watu ni wengi, na nyinyi mnangoja, na mimi ni mgeni hata wiki mbili sijamaliza sawasawa. Nikaona huyu hapa. Nikasema paka ni paka, ni sindano tu."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ningefanyaje? Hiyo kitu yako ingekataa. Nikasema siku hiyo ya mwisho nitawaambia. Kila siku nikiamka nasema leo. Mlisema Jumamosi!" Alikuwa analia sasa bila sauti. "Usiniseme, Mzee. Watanipeleka airport. Nina watoto wawili shule, na mama. Nikirudi hivi, nitawaambia nini?"

Na mimi nilikuwa naogopa, na hofu yangu haikuwa ya kumwonea huruma mtu mwingine. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Niliona alama yangu pale kwenye mstari, mmiliki amethibitisha, kwa mkono wangu.

Nilirudi chumbani nikawaeleza Hemed na daktari kwamba paka aliyetiwa chipu, chanjo na kutolewa damu si huyu. Huyu hana chochote. Sikusema zaidi ya hapo.

Hemed ni mtu wa ofisini, amezoea mambo kupita. "Basi mtie chipu sasa hivi. Namba mpya uibadilishe kwenye karatasi."

"Karatasi za maabara zina namba ile."

"Itoe kwa yule umtie huyu. Haiwezekani?"

Daktari alikohoa. Inawezekana. Ni mkato mdogo. Tulilijua sote wawili, na Hemed aliliona kwenye nyuso zetu.

"Khaa! Sasa tunababaika nini? Damu ya paka na damu ya paka! Mama yangu keshafunga masanduku. Dada anajifungua mwezi wa sita, anahesabu siku. Huyu paka hajatoka nje ya nyumba maisha yake, kichaa atakipata wapi? Nani atajua?"

Daktari alisema, polepole, "Nassor, muhuri ni wangu, lakini karatasi ni zako. Sema wewe."

Wenzangu, nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu mtafika mahali kama pale. Nilifikiri. Nilipanga kichwani hatua zote, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ule ule niliojifunza kwa Bi Salma, na zilikuwa hatua tano tu. Kosa langu lingefunikwa, na la Mwende, na Bibi Thuraya angeondoka kwa siku yake. Sikuacha kwa sababu ya uadilifu. Niliacha kwa sababu niliuona mkanda mwekundu kwenye msumari, na nikamwona Pamba ndani ya kizimba cha watu asiowajua, hana kinga ya kichaa, na karatasi yangu ikisema anayo. Paka yule yule angelala na mtoto mchanga.

"Siwezi," nilisema. "Nataka kusema na Bibi."

Kati ya chumba kile na ukumbi wa ndani palikuwa na pazia zito. Hemed alikwenda kumwita mama yake, na nikasikia kiti kikiburutwa upande wa pili. Zilikuwa zimebaki siku tano za eda. Nilikaa kwenye ukingo wa kochi, natazama pazia.

"Nassor bin nani wewe?" aliuliza Bibi Thuraya.

Nikamtajia baba yangu na mtaa wetu wa zamani.

"Aa. Bibi yako nnamjua. Alikuwa akipika mikate ya ajemi. Haya, nambie. Hemed anapumua kama ng'ombe, basi nnajua si la kheri."

Nilimweleza. Nilimweleza kuanzia siku ya nne, na fomu, na mstari, na alama niliyoitia bila ya kumwuliza. Nilimwambia Pamba hawezi kusafiri wiki ijayo. Itabidi aanze upya: chipu, chanjo, siku thelathini, damu, miezi mitatu. Nikamwambia pia kwamba hesabu hiyo inaangukia Julai, na miezi ya joto mashirika ya ndege hayachukui wanyama kutoka hapa, kwa hiyo ni Oktoba.

Pamba alitoka mikononi mwa daktari, akapita chini ya pazia, akaenda zake ndani.

"Oktoba," alisema Bibi Thuraya. "Mjukuu Juni."

"Naam, Bibi."

"Na aliyekutolea paka siku hiyo nani?"

Nilisikia mlango wa jikoni ukifungwa taratibu sana. Nilijua Mwende amesimama nyuma ya mlango huo.

"Niliyempokea ni mimi, Bibi," nilisema. "Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Sikukuuliza."

"Nimekuuliza aliyemtoa."

"Nimesikia, Bibi."

Alicheka kidogo puani. Hemed alifungua mdomo, mama yake akamwahi. "We Hemed, nyamaza. Katafute hizo tikiti uzibadilishe." Kisha akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "Marehemu siku ya mwisho hakula yeye, lakini alitaka aletewe kisahani cha samaki amlishe huyu. Nikimwacha paka hapa nnakuwa nimewaacha wawili. Sendi. Nimekaa eda yangu, sasa huyu naye akae yake. Lini mnaanza?"

"Hata sasa hivi, Bibi. Ukiniambia ndiye."

Pazia likatikisika. Mkono mmoja, umevaa glovu nyeusi, ukampitisha Pamba kwa chini, umemshika kwapani.

"Huyu ndiye Pamba wangu," alisema. "Andika."

Miezi ile saba ilikuwa ndiyo mirefu katika kazi yangu. Niliogopa kila kitu. Niliogopa chupa ya damu itapasuka njiani. Niliogopa chanjo haitashika. Niliogopa taratibu zitabadilishwa katikati, nikawa nazisoma kila Jumapili asubuhi kabla ya chai. Juni mjukuu alizaliwa, wa kiume, na Bibi Thuraya alimwona kwenye simu. Hemed hakunipa mkono tena, wala simlaumu. Kila nilipokwenda nyumbani kwao, Bibi, ambaye sasa alikuwa akikaa nami sebuleni na buibui lake, alinitazama nikisoma namba mara tatu, kisha akasema kabla sijamwuliza: "Ndiye, baba, ndiye."

Siku ya safari niliwasindikiza mpaka ndani. Ndege iliondoka asubuhi. Nilirudi ofisini, nikakaa, sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilitoa nakala za karatasi zote nikazisoma upya, nikitafuta kosa ambalo kwa wakati ule nisingeweza tena kulirekebisha. Saa kumi alasiri simu ikalia kwa ujumbe wa sauti. Niliogopa kuufungua. Rahma, mwenzenu aliyechukua kiti changu, ambaye mwezi ule ndiyo kwanza ameanza kazi, ndiye aliyebonyeza.

"Nassor, baba, tumefika. Baridi hiyo usiseme. Pamba wamemsoma. Yule bwana anasoma namba, nami nnafuata kwenye karatasi kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho. Imelia." Kukawa na sauti ya mtoto mchanga nyuma, na mtu akimbembeleza. "Haya. Nawe kale."

Nilikuwa kweli sijala.

Nilistaafu mwezi uliopita. Siku yangu ya mwisho nilikuwa natoa vitu vyangu drooni, wenzangu wameshanunua keki, nikasikia mlangoni sauti ya Kikenya ikimwuliza Rahma kama Mzee wa paka bado yupo. Alikuwa Mwende. Mkataba wake umekwisha, alisema, anarudi nyumbani Machakos kwa hiari yake, na amekuja kuuliza masharti. Alikuwa amebeba kikapu cha plastiki chenye mfuniko wa waya. Ndani, paka mweupe, sikio la kushoto limekatwa ncha.

"Huyu ana kila kitu," aliniambia. "Chanjo nimerudishia kila mwaka, hapa hapa kwenu, Rahma ni shahidi. Sindano alizopata kwa ajili yangu nimeona zisipotee bure."

Nilimwuliza kitu nilichokuwa nimekaa nacho miaka miwili. Je, Bibi aliwahi kujua?

Mwende alicheka, akafunika mdomo. "Mzee, kesho yake tu! Asubuhi aliniita, akaniambia kuanzia leo Pamba atalala chumbani kwangu mpaka nimjue hata gizani kwa kumgusa. Hakusema kingine. Miezi saba alikuwa ananilalia kifuani yule paka. Nilikuwa naogopa hata kupinduka."

Nikavuta fomu. Jina la mnyama kwenye karatasi zake zote ni Pamba, na litabaki hivyo hadi mtu apate muda wa kulibadilisha. Kwenye mstari wa mmiliki niliandika jina la Mwende. Rahma akashika mashine. Niliona anatazama saa, na keki iko mezani, na watu wamesimama.

"Mtoe nje ya kikapu," nilimwambia Mwende. "Umweke mezani umtazame vizuri. Huyu ni paka wako?"

Aliacha kucheka. Aliligeuza lile sikio kwa vidole viwili, akaliangalia pale penye mkato.

"Ndiye," alisema. "Huyu ni wangu."

Rahma akapitisha mashine, ikalia. Akataja tarakimu, nikaandika. Nikaushusha mkanda mwekundu kutoka kwenye msumari, nikauweka mbele yake, nikaichukua mashine nikasoma mimi, yeye akaandika. Ikalia tena. Mwende akanyoosha mikono kumrudisha paka kikapuni.

"Si imeshalia, Mzee? Mara mbili?"

"Imelia," nilisema. "Mshike hivyo hivyo. Bado moja."